Ramani ya injini na kalamu iliyo mikononi mwa vijana

Msafiri atokaye Nairobi kuja Mombasa kwa gari huizoea ile saa ambayo barabara inashuka na kunyooka, baridi ya bara ikakatika, na joto la pwani likaanza kuingia madirishani kabla bahari haijaonekana. Sisi tuliifikia saa hiyo jioni moja, tukiwa tumeshaipita Voi. Nilikuwa nimekaa mbele, kando ya mpwa wangu, katika Subaru Impreza yake ya rangi ya buluu, tukirudi kutoka arusini. Mpwa wangu alikuwa akiyapita malori kwa furaha ya mtoto aliyeachiwa ufunguo wa duka la halua. Wiki ile ile gari lake lilikuwa limefanyiwa kile vijana wanachokiita rimapu, yaani kompyuta ya injini ilikuwa imebadilishwa hesabu zake ili gari lizidi nguvu. Tulipokaribia Mackinnon Road, pale penye msikiti alipozikwa Seyyid Baghali kando ya reli, nikasikia mlio kama wa mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Mara ya kwanza ulikuja ukanyamaza. Mara ya pili ulidumu. Kisha moshi ukajaa nyuma yetu, nguvu zikaisha, tukajikokota hadi ukingoni mwa barabara.

"Mjomba," akasema, mikono yake ingali kwenye usukani, "imenoki."

Sikumjibu. Tulishuka, tukatawadha, tukasali Magharibi pale msikitini, kisha tukakaa kungojea gari la kutukokota. Tulingoja saa tatu nzima. Kwa saa hizo nilimhoji kijana wangu juu ya kilichofanywa ndani ya gari lile, na kadiri alivyonieleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba jambo lenyewe si la mafundi peke yao. Huenda msomaji akauliza, ukurasa huu wa utamaduni una nini na injini? Una mengi. Kilichotuvunjia safari kilikuwa ni maandishi, na mimi kazi yangu ya miaka yote hii imekuwa ni maandishi.

Kwanza tuelezane. Katika magari ya zamani, ambayo sisi wa rika langu ndiyo tuliyojifunzia, mafuta yaliletwa na kabureta na wakati wa cheche ulipangwa na distributa. Fundi akilegeza nati, akiizungusha kidogo, akitega sikio, akikaza. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo ulioitwa Motronic, ukatiwa katika BMW 732i, na humo mafuta na cheche vikatawaliwa na kompyuta moja. Desturi ikaenea, hata leo hakuna gari jipya la petroli lisilokuwa na kisanduku cha namna hiyo. Walimu wa shule watataka niseme tarakilishi. Mafundi wetu husema kontroli boksi, na mimi leo niko na mafundi.

Ndani ya kisanduku mna majedwali. Chukua daftari la hesabu ulipigie mistari. Kushuka chini andika kasi ya injini: mizunguko 800 kwa dakika, 1,200, 1,600, hadi 7,000 na ushei. Kwenda kando andika kiasi cha hewa inayoingia katika silinda. Kila mstari unapokutana na mwenziwe pana chumba, na katika kila chumba mmeandikwa nambari moja. Jedwali moja linasema cheche itolewe nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Jingine linasema petroli iwe kiasi gani. Jingine, kwa gari lenye tabo, linasema tabo isukume hewa kwa nguvu gani. Injini inapozunguka, kompyuta inaingia chumbani, inasoma nambari, inatii. Na katika sekunde moja imeshaingia na kutoka vyumba hivyo mara nyingi.

Cheche hutangulia kwa sababu moto nao una mwendo wake. Hauwezi kuenea silinda nzima kwa kupepesa jicho. Ikichelewa, nguvu hupotea na joto hutokea bure kwenye eksozi. Ikitangulia mno, au petroli ikiwa dhaifu, au hewa ikiwa moto kupita kiasi, ile sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na moto hujilipukia yenyewe. Mlipuko huo ndio misumari katika mkebe. Ukiendelea, pistoni hupasuka. Sifa ya petroli ya kustahimili isijilipukie ndiyo inayoitwa okteni. Na kule Japani petroli ya daraja ya juu huuzwa ikiwa na okteni karibu ya 100. Gari la mpwa wangu liliandikiwa petroli hiyo. Super ya vituo vyetu haifiki hapo.

Hapo ndipo nilipomkatiza. "Basi," nikamwuliza, "hata kabla ya hiyo rimapu yenu, gari hili lilikuwa likisoma hesabu za nchi nyingine?"

"Ndiyo, Mjomba. Magari yetu yote ya kutoka Japani ndivyo yalivyo."

Na ni kweli. Serikali yetu ina kanuni juu ya magari ya mitumba: yasiwe yamepita miaka minane, usukani uwe upande wa kulia, yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Lakini hesabu zilizomo ndani ya kisanduku huja kama zilivyo, na hakuna anayezigeuza kwa petroli ya huku. Linaloyaokoa magari hayo ni kwamba kompyuta ina sikio lake, kidude kilichofungwa kwenye chuma cha injini ambacho husikia kugonga na kuiambia ichelewesha cheche. Kwa hivyo gari haliharibiki. Linapungua nguvu kimya kimya, na mwenyewe hajui. Mambo hayo niliyajua nikiwa nimekaa kando ya reli, baada ya miaka thelathini ya kuendesha magari ya Japani.

Majedwali hayo wenye ufundi wao huyaita ramani. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu gizani. Neno ramani sisi tulilipata baharini. Asili yake ni ya Kiajemi, rahnama, yaani kinachoonyesha njia. Manahodha wa Kiarabu wakakiita rahmani kile kitabu cha safari ambamo mmeandikwa, bandari kwa bandari, urefu wa nyota uliopimwa kwa vidole, masafa yaliyohesabiwa kwa zamu, na majira ya pepo. Kitabu cha namna hiyo, ukikitazama vizuri, ni jedwali: ukiwa mahali fulani, katika majira fulani, fanya hivi. Ahmad bin Majid, yule baharia wa karne ya 15 mwenye asili ya Julfar, aliandika sehemu kubwa ya elimu yake kwa tungo, na mojawapo inaeleza njia ya kuja pwani hii yetu hadi Sofala. Nadhani alichagua tungo kwa sababu ushairi hujilinda. Neno likidondoka mizani inapungua, na msikilizaji anajua papo hapo.

Kompyuta ya gari nayo ina mizani yake. Nambari zote hujumlishwa kwa kanuni maalumu, na jumla yake ikawekwa mahali pake. Ukigeuza nambari moja bila kurekebisha jumla, kisanduku hujua kuwa maandishi yameguswa, na huenda gari likakataa kuwaka. Sisi tuliokwenda chuoni tuliambiwa kwamba wanazuoni wa kale walizihesabu hata herufi za Msahafu, ili nakala isiyotimia ijulikane. Basi nilifahamu mara moja. Lakini mizani hulinda maandishi yasiharibike. Haimzuii nahodha wa Kilwa kufuata rahmani ya Gujerati akapanda mwamba.

Sasa mtu atauliza: kama nguvu zaidi zimo ndani ya injini, kwa nini kiwanda kisizitoe chenyewe? Sababu nyingine ni za busara. Kiwanda huandika ramani moja kwa wanunuzi wengi, akiwamo mwenye petroli mbaya, mwenye kuchelewa kubadilisha oili, mwenye kupanda mlima kwa gia isiyofaa. Na juu ya hayo kuna sheria za moshi. Kwa hiyo hubakishwa akiba. Sababu nyingine ni za kibiashara na za adabu ya soko. Kuanzia 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani vilikuwa na mwafaka baina yao kwamba gari linalouzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na nguvu za farasi zaidi ya 280, na mwendo wake ukakomeshwa kwenye kilomita 180 kwa saa. Injini ingeweza zaidi. Nambari ndiyo iliyokataa. Gari lisilo na tabo, ukiliandika upya, litaongeza kidogo sana, pengine dereva asihisi; lakini lenye tabo linaweza kuongeza hata sehemu moja katika tano, kwani tabo huamriwa tu isukume zaidi. Ndiyo maana vijana wetu huzitafuta Subaru zenye tabo kama nyuki watafutavyo ua.

Na mapenzi hayo si ya bure, yana nasaba. Waliokuwa wadogo katika miaka ya 1990 waliziona Impreza za buluu zikitifua vumbi katika Safari Rally. Patrick Njiru, mwananchi mwenzetu, alimaliza wa nne mwaka 1994 katika gari hilo. Colin McRae akashinda 1997, Richard Burns akashinda nalo mwaka 2000. Safari ilipotolewa katika mashindano ya dunia baada ya 2002 na kurejeshwa 2021 huko Naivasha, watoto wale walikuwa wameshakuwa baba wa watu, na bado walikwenda na Impreza zao kutazama. Wengi wao hawakujua kwamba hata magari ya mashindano yalikuwa yamekabwa koo: katika miaka hiyo hewa ya tabo ilibidi ipite katika tundu la milimita 34. Mwaka 1995 timu ya Toyota iligunduliwa imetengeneza tundu lenye hila, likionekana sawasawa likaguliwapo na kupitisha hewa zaidi lifungwapo, nayo ikafungiwa mwaka mzima. Kwa hivyo ugomvi wa kiasi na kupita kiasi haukuanzia katika mitaa yetu.

Nirudi kwa faili la mpwa wangu. Alikwenda kwa jamaa mmoja Nairobi ambaye sitamtaja, kwani nia yangu si kumharibia mtu riziki. Jamaa huyo alichomeka waya chini ya usukani, akatia faili alilolinunua kwa mtu wa ng'ambo, akalijaribu gari mara moja barabarani, akapokea fedha. Kazi nzima haikuchukua muda wa kunywa kahawa mbili. Faili lile lilikuwa limeandikwa kwa injini ya namna ile ile, naam, lakini si kwa injini ile. Nalo lilikuwa limeandikwa na mtu mwenye petroli ya kwao.

Tena kuna jambo ambalo hata mpwa wangu hakulijua mpaka baadaye. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, pungufu kwa sehemu moja katika sita hivi kuliko hii yetu ya Mombasa. Gari lilipojaribiwa kule, vile vyumba vya mwisho vya jedwali, vya hewa nyingi, havikufikiwa hata mara moja. Tulipoanza kuteremka, hewa ikawa inazidi uzito kila mji tulioupita. Tabo ikisukuma kwa amri ile ile, silinda zikajaa kuliko zilivyopata kujaa Nairobi, na kompyuta ikaingia katika vyumba ambavyo hakuna fundi yeyote wa nchi hii aliyepata kuvikagua. Juu yake ongeza joto la nyika. Lile sikio la kusikia kugonga nalo lilikuwa limepunguzwa usikivu, ili gari lisijizuie. Wapo wafanyao hivyo, msomaji. Na hilo ni sawa na kumziba masikio mlinzi kwa sababu kelele zake zinakunyima usingizi.

Kule chuoni mtu hakusomesha kitabu mpaka apewe ijaza na aliyemsomesha, naye awe ameipata kwa mwalimu wake, hata silsila ifike kwa mwenye kitabu. Haikuwa ni ubahili wa elimu. Ilikuwa ni kumjua mtu wa kumwuliza pindi kosa likitokea. Faili la mpwa wangu halikuwa na ijaza wala silsila. Alipompigia simu yule jamaa kutoka Mackinnon Road, simu iliita mara nne, kisha ikazimwa.

Kwa upande mwingine, nisije nikaonekana nawasujudia wenye viwanda ati kwa kuwa wao ndio wenye ijaza. Tarehe 18 Septemba 1985 ningekuwa na imani hiyo. Tangu tarehe 18 Septemba 2015 siwezi. Siku hiyo idara ya Marekani inayolinda mazingira ilitangaza kwamba Volkswagen imeandika ndani ya kompyuta za magari yake ya dizeli hesabu za nyuso mbili. Kompyuta ilitazama usukani unavyokwenda, mwendo, muda na kani ya hewa, ikatambua kuwa gari liko kwenye mashine ya ukaguzi, likatoa moshi safi. Likirudi barabarani lilitoa sumu ya naitrojeni hata mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na maandishi hayo. Waliofichua walianzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vyombo vya kupimia nyuma ya gari wakaenda nalo safari ya kawaida. Mwaka 2017 kampuni ilikiri hatia mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 4.3. Mafundi wa kiwanda chenye sifa kubwa, wenye shahada na maabara, waliifundisha mashine kusema uongo. Kijana wa gereji ya mtaani hajafika huko.

Mwezi uliofuata kashfa hiyo, Oktoba 2015, Wamarekani walitoa ruhusa, viwanda vikipinga, kwamba mwenye gari anaweza kuifungua programu ya gari lake kwa ajili ya matengenezo au kuligeuza kwa njia iliyo halali. Suala lilikuwa la hakimiliki: viwanda vilidai kwamba chuma umekinunua wewe, lakini maandishi yaliyomo ni yao, nawe umepewa idhini ya kuyatumia tu. Mimi mtunzi ninayeishi kwa haki ya maandishi yangu niliisoma hoja hiyo mara mbili, kwa kuwa si hoja ya kijinga. Lakini mtu akinunua diwani yangu, sina haki ya kumkataza kuandika ukingoni kwamba ubeti wa tatu umepungua mizani.

Na viwanda havikukaa bure. Mnamo Novemba 2022 Mercedes-Benz ilitangaza huko Marekani kwamba mwenye baadhi ya magari yake ya umeme anaweza kulipa dola 1,200 kwa mwaka, na gari lake likaongezewa kasi ya kuondoka. Hakiongezwi chuma wala waya, hugeuzwa nambari. Mwaka 2025 Volkswagen nayo ikafanya hivyo Uingereza kwa gari la ID.3: ukilipa pauni 16.50 kwa mwezi, unafunguliwa nguvu ambazo gari lilikwisha kutoka nazo kiwandani. Hebu fikiri. Anachofanya kijana wa gereji na kuitwa mhuni, kiwanda chafanya na kuita huduma. Tofauti ni kwamba kiwanda kimeijaribu ramani yake, na kwamba kodi yake haiishi. Magari hayo yatafika bandari ya Mombasa siku moja yakiwa mitumba, na hapo ndipo sisi tutakapouliza nani atayafungua.

Kwa sababu hiyo siafikiani na wazee wenzangu wanaotaka kazi hii ipigwe marufuku kabisa. Nchi ambayo karibu kila gari lake liliandikiwa petroli na hali ya hewa ya kwingine inawahitaji watu wawezao kusoma na kuandika ramani hizo kuliko inavyomhitaji mtunzi wa mashairi. Na watu hao, kwa sasa, ni vijana hawa hawa. Hawakutumwa na serikali. Walijifunza kwa kuharibu injini zao wenyewe, na wengine, kwa bahati mbaya, za watu.

Lakini kuna moja sitawasamehe, nalo ni zile eksozi zinazopiga kama bunduki. Nilidhani ni ubovu wa gari. Kumbe huandikwa makusudi! Petroli huachwa iendelee kumwagwa dereva anapoondoa mguu, cheche ikacheleweshwa, ili moto umalizikie ndani ya bomba la moshi. Haiongezi nguvu hata ya punda. Inaharibu kile chujio cha kusafisha moshi, na inamwamsha mgonjwa saa saba za usiku. Tunazo kanuni za kelele tangu mwaka 2009. Sijapata kumwona aliyeshtakiwa kwa kumwamsha mama yangu.

Na mwendo? Barabara zetu kubwa zina kikomo cha kilomita 110 kwa saa, na gari la mpwa wangu lilikifikia kabla hajamaliza kusema bismillahi. Aliongezewa nguvu, hakuongezewa breki wala matairi. Wala hakuiarifu kampuni ya bima kwamba gari si lile lililokatiwa bima. Nilipomwuliza alinitazama kama niliyemwuliza habari za mwezini. Mwezi Februari 2004, Bw. John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo visipite kilomita 80, na haikuchukua muda tukajua kuwa kuna mafundi wa kuvifunga na mafundi wale wale wa kuvifungua. Kwa hiyo hatuna ugeni na jambo hili. Tunachokosa ni mtu wa kuulizwa.

Gari lilikokotwa hadi Mombasa. Baada ya wiki kadhaa, injini nyingine ikiwa imeshanunuliwa kwa akiba ya miaka miwili ya mpwa wangu, nilifuatana naye kwa fundi mmoja kijana, mpole, mwenye shati safi kuliko langu. Alifungua kompyuta yake juu ya kiti, akanionyesha lile jedwali kwa rangi, kijani kwa kazi nyepesi na nyekundu kwa kazi nzito.

"Mzee wangu," akaniambia, "aliyeandika hapa hajaliona gari hili. Tazama, huku juu amenakili nambari moja vyumba sita. Injini haiendi hivyo."

Tulikaa naye kutoka Alasiri. Alianza na nambari ndogo, cheche ya kuchelewa na petroli nyingi. Gari likaendeshwa, akarudi, akasoma kumbukumbu za sikio la injini, akaongeza nyuzi moja hapa, akapunguza nusu pale. Lilipogonga kidogo katika chumba kimoja alirudi nyuma nyuzi mbili wala hakubishana nalo. Alitaka kujua petroli hununuliwa kituo gani. Alitaka kujua kama gari litakwenda bara, akasema kwenda juu hakuna hofu, ni kurudi. Mara kumi na moja walitoka na kurudi. Nilikumbuka mwalimu wangu wa chuoni, ambaye alikuwa akiturudisha mwanzo wa aya kwa irabu moja.

Mwisho alimpa mpwa wangu hesabu ya nguvu alizopata. Zilikuwa pungufu kuliko zile alizoahidiwa Nairobi, pungufu sana. Kijana akaitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili kana kwamba zilizobaki zimeandikwa huko.

"Huwezi kuongeza kidogo tu?"

"Naweza," akajibu fundi. "Kwa petroli nyingine."

Nje pana ubao uliosema Fundi wa Umeme wa Magari. Nilipoaga, alinishika mkono akanambia kwamba ubao huo unamletea watu wenye taa zilizoungua na betri zilizokufa, naye angependa ubao mwingine utakaosema kazi yake hasa ni ipi, kwa Kiswahili, kwa kuwa jina la Kizungu kila mtu analo na halimtofautishi na wale wa nusu saa. Mimi nikiwa mtu wa maneno, akasema, nimtafutie. Nimefikiri rubani, lakini ndege zimeshalichukua. Nimefikiri mrekebishaji, likanichosha kabla sijafika mwisho wake. Mpwa wangu anapendekeza mwanaramani, na fundi mwenyewe analicheka. Rangi ya ubao imeshanunuliwa. Msomaji mwenye neno na alilete kwa anwani ya ukurasa huu, nami nitamfikishia.